Siku Mbuke Alipotajwa Bungeni

Mbuke Ndaki si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, maana mara ya kwanza tu huwa ameshalibishia. Ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wa mwaloni pale Katoro. Mwaloni kwetu hakuna ziwa wala samaki. Ni pale mawe yanapoletwa kutoka mashimoni, yakapondwa, yakasagwa kwenye karasha na kuoshwa mpaka dhahabu, kama ipo, ijitenge na vumbi. Mimi nawapikia. Mbuke anaponda. Anakaa chini, miguu ameinyoosha, jiwe katikati, nyundo mkononi, na hakuna anayepita bila kusalimiwa.

Sasa hizo salamu zake ndizo zinazoniua. Akipita mzee, hata kama mzee mwenyewe ametoka kilabuni na njia haimtoshi, Mbuke ataweka nyundo chini, atainuka, atapiga magoti kwenye vumbi na kusema, "Shikamoo baba." Na hainuki mpaka aitikiwe. Ndivyo alivyolelewa huko kwao Usukumani, na vumbi lote la Katoro halijamtoa tabia hiyo. Vijana wa mashimoni humcheka, wanasema mama huyu akikutana na mkutano wa wazee hatafika nyumbani siku hiyo. Mimi ni Mkurya wa Tarime, magoti yangu nayatunza kwa ajili ya kanisani, na nimeshamwambia hivyo zaidi ya mara moja.

Lakini yupo mzee mmoja ambaye hakuwa anapokea salamu za Mbuke, naye ni baba yake mzazi.

Mzee Ndaki analima tumbaku Ushetu, upande wa Kahama. Mbuke alipofiwa na mumewe, mzee alitarajia binti yake arudi nyumbani na watoto, ashike jembe kama zamani. Mbuke akapanda gari kwenda Katoro. Mzee akatangaza kwamba yeye hana mtoto machimboni, kwamba machimboni wanaishi watu wasio na kwao, na mwanamke akikaa huko mwaka mmoja anasahau hata jina la aliyemzaa. Tangu siku hiyo simu ya Mbuke haipokei. Kila Krismasi Mbuke hutuma sukari. Sukari hupokelewa, salamu hurudishwa bila kuitikiwa. Ndugu wakienda kumbembeleza, mzee huwauliza kama wameshapalilia.

Mbuke hulisimulia jambo hili akicheka. Nimekaa naye siku nyingi, nakijua kicheko chake cha kweli na kile cha kufunikia. Hicho ni cha kufunikia, na kinaniumiza mimi kabla yake.

Basi mbunge wetu alipotualika Dodoma, kama wabunge wanavyoalika watu wa majimboni kwenda kulitazama Bunge, wenzetu walianza kugombania kitenge cha sare kiwe cha rangi gani. Mbuke aliwaza televisheni. Alikuwa amekwisha kuona kwamba wageni waliokaa jukwaani hutajwa, wanasimama, na kamera inawapitia nchi nzima ikiwatazama. Hapo hapo, mimi nikiwa namenya viazi, akampigia mdogo wake Nkwabi, anayeishi na mzee.

"Siku hiyo mpeleke baba senta, pale dukani kwenye televisheni. Mkalishe mbele. Usimwambie kwa nini."

"Atauliza, dada."

"Mwambie Bunge linazungumzia tumbaku."

"Kama halizungumzii?"

"Nkwabi, Bunge likikaa asubuhi nzima litakosa hata mtu mmoja wa kutaja tumbaku?"

Alipokata simu akanigeukia, na safari hii hakucheka. "Mama Magesa, akishaniona nimesimama mbele ya Serikali nzima, atajua kwamba sikupotea. Nataka anione tu. Hata asiponiita."

Nikaendelea kumenya viazi, maana ningefungua mdomo ningemtukana mzee wa watu.

Tukakodi Coaster ya Cornel, dereva mpole asiyependa kelele, na Mungu akamjaribu kwa gari zima la akina mama. Tulifika Dodoma tumeimba mpaka sauti zimekwisha. Asubuhi yake, kabla ya chai, nilimkuta Mbuke chumbani kwetu pale gesti anafanya mazoezi ya kusimama. Anakaa kitandani, anainuka, ananyoosha shingo, anatazama ukuta kwa heshima, anakaa tena.

"Mama Vumilia," nikamwambia kwa jina la mwanawe, "umesimama tangu una mwaka mmoja."

"Hapo sikuwa natazamwa."

Sisi wengine tulivaa magauni na vilemba vya kitenge kimoja. Yeye alifunga kilemba chekundu, ili Nkwabi amwonyeshe mzee kwa kidole. Tulimnung'unikia kidogo kwamba mwenyekiti ndiye wa kwanza kuvunja sare. Akatujibu kwamba ndiyo faida ya uenyekiti.

Getini pa Bunge tulikaguliwa, tukaacha simu, tukapokewa na Juliana, binti kutoka ofisi ya mbunge wetu, mwembamba, ana haraka, viatu vyake vinasikika kabla yake. Alitupa masharti tukiwa tumesimama kwenye mstari. Kupiga makofi hakuna. Vigelegele hakuna. Kupunga mkono hakuna. "Mkitajwa mnasimama, mnatabasamu, mnakaa. Ni hayo tu, mama zangu."

"Hayo tunayaweza," akasema Mbuke, kwa niaba yetu.

Ndani kuna baridi ya mashine, viti vinavyommeza mtu, na ukimya wa kanisani kabla padri hajaingia. Tulikaa jukwaani juu, Mbuke mstari wa mbele mwishoni, mimi pembeni yake, na mbele yetu ukingo uliofika kiunoni. Chini yetu waheshimiwa waliuliza maswali ya visima, barabara na zahanati. Lililonishangaza ni kwamba sisi tumekatazwa makofi, lakini wao jambo likiwafurahisha wanapiga meza. Rhoda, mweka hazina wetu aliyekaa nyuma yangu, akaninong'oneza kama meza zile ni za Serikali. Nikamwambia ndiyo maana wanazipiga kwa nguvu.

Aliyekalia kiti siku hiyo alikuwa mzee, kichwa cheupe pe, sauti nzito ya taratibu. Maswali yalipokwisha akaanza kutambulisha wageni. Wakasimama wanafunzi wa sekondari. Ikasimama kwaya. Mbuke alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, na nikaona midomo yake inatembea.

"Wapo pia akina mama wachimbaji wadogo kutoka Katoro mkoani Geita, wageni wa Mheshimiwa mbunge wao. Wanaongozwa na mwenyekiti wao, ndugu Mbuke Ndaki. Akina mama, simameni mlipo. Karibuni sana."

Tukasimama. Tukatabasamu. Nikageuka kumtazama mwenyekiti wangu akistarehe na heshima yake, na pale alipotakiwa kuwa hapakuwa na mtu.

Alianza vizuri, nitamtetea kwa hilo. Aliinuka nusu. Kisha jina la baba yake likatoka kwenye vipaza sauti, limetajwa na mzee mwenye mvi, na mwili wake ukafanya ulichozoea bila kumwuliza. Alikuwa chini, magoti kwenye zulia, kichwa ameinamisha, kilemba chekundu kimezama nyuma ya ukingo. Nikamsikia kwa sauti ile ndogo ya adabu, "Shikamoo baba."

"Inuka," nikamwambia bila kufungua meno.

"Hajaitikia."

"Mbuke, hakusikii. Inuka."

"Nitainukaje, hajaitikia?"

Nilimshika kwapani nikamvuta. Ni mwanamke wa kuponda mawe, havutiki. Alipokuja kunyanyuka, aliyekalia kiti alikuwa amehamia kwa wageni wengine, viongozi wa ushirika fulani wenye suti, na sisi wote tulikuwa tumeshakaa. Alibaki amesimama peke yake wakati hatazamwi na mtu, mpaka askari akamwonyesha kwa mkono akae.

Nje, hata hatujatoka kivulini, alichukua simu yake tulikoziacha na kumpigia Nkwabi. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Wenzetu walikuwa wanaambizana jinsi walivyosimama, nani alitabasamu, nani alisahau. Kila mmoja alimhurumia Mbuke kwa namna yake, na namna ya wengi ilikuwa kucheka.

"Hakuniona," akasema.

"Pengine kamera ilifika."

"Kamera ilipita juu. Mimi nilikuwa chini. Hakuniona, Bhoke."

Aliponiita Bhoke nikajua mambo si mazuri, maana huniita Mama Magesa hata tukigombana. Nilikasirika. Nilimkasirikia mzee wa Bunge ambaye hana kosa lolote, nikamkasirikia Nkwabi asiyepokea simu, nikamkasirikia zaidi mzee wa Ushetu anayemfanya mwanamke mzima avuke mikoa ili aonekane kwa nukta moja. Juliana akatuambia twende, ratiba inatusubiri, bado makumbusho na Mji wa Serikali. Tukapanda gari.

Makumbusho yenyewe ni ya miamba na madini, na huwezi kuwapeleka watu wa Katoro mahali pakawa pazuri zaidi kwao, au pabaya zaidi kwa mwenyeji wao. Kijana aliyetupokea, mstaarabu, miwani usoni, alituonyesha ramani ya nchi iliyopakwa rangi kufuata mawe yaliyoko chini ya ardhi. Akina mama waliitafuta Katoro mpaka wakaipata, kisha wakaanza kubishana ni shimo la nani liko kwenye rangi ipi. Kijana alijaribu kueleza mambo ya mamilioni ya miaka. Rhoda akamwuliza kama ndani ya miaka yote hiyo dhahabu inaongezeka au tunaimaliza. Kijana akacheka, akasema tunaimaliza. Tukatazamana kama tumepewa habari ya msiba wa jirani.

Mbuke alikuwa nyuma yetu, simu mkononi, anapiga, inaita, inakata. Mawe hayakumwingia. Yaani Mbuke, anayeweza kusimama njiani nusu saa akigeuza kokoto, alipita mbele ya makabati yale ya vioo akitazama sakafu. Nikaona huyu sasa anaumwa.

Kwenye kona palikuwa na meza ya mawe ambayo mgeni anaruhusiwa kuyashika. Nikamvuta pale kwa maneno. "Njoo utuambie hili ni nini, mwenyekiti. Watu wanataka kujua." Lilikuwa jiwe la ukubwa wa kiazi, linang'aa njano kila upande. Alilitazama bila hamu. Akaligeuza. Akalipeleka kwenye mwanga. Nikaona mkono wake umeanza kurudi kazini. Sasa, mwaloni ukitaka kujua kama jiwe lina kitu, unalilowesha, na kama maji yako mbali, unalilamba. Kijana wa makumbusho alipogeuka, alimkuta kiongozi wa msafara ametoa ulimi wote nje.

"Mama, samahani, hayo tunayashika tu."

"Nami nimeshika," akasema Mbuke, akalitazama tena pale palipolowa. Kisha akatutangazia kwa sauti ya mwenyekiti: "Hii ni dhahabu. Na ni nyingi. Mnaiachaje mezani hivi, mwanangu, na watu wanapita?"

Akina mama wakasogea. Wengine wakashika mikoba yao bila sababu. Kijana akavua miwani, akaifuta, akatafuta namna ya kusema.

"Mama, hiyo inaitwa pairaiti. Ni chuma na salfa. Inang'aa kuliko dhahabu yenyewe, ndiyo maana inawachanganya watu wengi."

Miaka yote ya nyundo, na jiwe la Dodoma limemlaza chali mbele ya kikundi chake. Nikasema, "Mwenyekiti, ina ladha gani?" Na Mbuke akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko chake chenyewe, cha tumbo, kinachomfanya ashike kitu asianguke. Alishika meza, akanishika mimi, tukacheka wote, hata kijana wa watu akacheka. Kisha nikahisi bega langu limelowa. Alikuwa analia.

"Nilitakiwa kusimama tu," akasema. "Hakuna kingine. Kusimama tu, nimeshindwa."

Nilimfuta uso kwa ncha ya kitenge changu na nikamwambia aache kunichafulia sare. Nampenda mwanamke huyu, na siku ile nilitamani nimpigie mzee Ndaki mimi mwenyewe, kwa Kikurya.

Mchana ulipokuwa unalainika, Cornel akatupeleka Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Barabara ni pana, wizara zimekaa kila moja na geti lake na bendera yake, na Cornel akawa anasoma vibao kwa sauti kama kondakta anayetaja vituo. Kila wizara ikitajwa, mmoja wetu ana shida nayo. Kwa Maji tulimwomba apunguze mwendo ili Rhoda aitazame vizuri kwa jicho baya. Tulipofika Madini, gari zima likataka kushuka kupiga picha mbele ya kibao. Juliana akamwomba askari wa getini, askari akakubali tusimame upande wa nje. Tukajipanga, tukasukumana, aliye mfupi akaletwa mbele. Mbuke alikataa kupigwa picha. Alisema ya leo yamemtosha. Akasimama pembeni kwenye matofali ya njia, na hapo ndipo simu yake ilipoita.

Akaipokea kwa spika kubwa. Nikaiacha picha nikamfuata.

"Dada, nisamehe," akasema Nkwabi. "Niliona unapiga. Sikujua nikuambie nini."

"Hakuniona. Sema tu."

"Ngoja nieleze. Dukani kulijaa. Mzee nilimkalisha mbele, analalamika tumbaku haijatajwa. Mara akasikia jina lake kwenye televisheni. Akaniangalia mimi kama mimi ndiye niliyesema. Mkaonekana mmesimama, na mmoja mwenye kilemba chekundu anakwenda chini. Watu wakacheka. Mwenye duka akasema mama wa watu ameanguka. Mzee akainuka kwenye kiti, dada. Akawaambia, 'Hajaanguka. Huyo ni wangu.'"

Mbuke akaisogeza simu karibu na sikio, ingawa spika ilikuwa wazi.

"Kisha akaondoka. Amekaa kwenye bani la kukaushia tumbaku tangu wakati ule, mlango ameufunga, hataki chakula, hataki mtu. Ndiyo maana sikupokea. Sasa hivi ametoka, anataka simu. Huyu hapa."

Tukasikia kitu kinakwaruza, na mtu akipumua karibu mno na simu, kama afanyavyo asiyeizoea.

"Mbuke."

Alikuwa tayari ameshapiga magoti, palepale kwenye matofali mbele ya Wizara ya Madini, simu ameishika kwa mikono miwili. "Shikamoo baba."

Mzee hakuitikia. Askari wa getini akaja haraka, akaniuliza kama mama anaumwa, asaidiwe. Nikamwambia hapana, anasalimia, tumpe nafasi.

"Yule mzee wa Bungeni," akasema mzee Ndaki, "ni wa ukoo gani?"

"Simjui, baba."

"Humjui, na umempigia magoti."

"Alitaja jina lako, baba."

Nyuma yetu Rhoda alikuwa anawaambia wenzake wanyamaze, na kwa mara ya kwanza tangu Katoro walinyamaza.

"Alikuitikia?"

"Hakuitikia."

Mzee alikohoa. Niliposikia sauti yake tena ilikuwa imeshuka, na nikalazimika kuinama ili niipate.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mayu. Njoo nyumbani."

Mayu ni mama. Ndivyo baba wa Kisukuma anavyomwita binti yake akiwa na mapenzi naye. Mbuke aliitikia kwa neno la kwao ambalo sikulielewa, na simu ikakatika, kwa salio au kwa mzee kubonyeza pasipo pake, hatukujua. Akabaki pale chini kidogo. Kisha akainuka taratibu, akajipangusa magoti, akaweka kilemba sawa, akamwendea Cornel aliyekuwa ameegemea mlango wa gari.

"Kesho mimi sifiki Katoro," akamwambia. "Utanishusha Kahama."